Mirathi ya Anneke Jans

Kuna bibi mmoja wa Kidachi, au aliyedhaniwa kuwa Mdachi, aliyefariki mwaka 1663 na ambaye uzao wake ulikataa kumwacha apumzike. Jina lake ni Anneke Jans. Karne mbili na zaidi baada ya kifo chake, wakulima, wauza duka, walimu na wajane wa Marekani waliojihesabu kuwa vitukuu, vilembwe na vining'ina vyake walikuwa bado wanaunda vyama vya warithi, wanachangishana ada na kuajiri mawakili. Walikuwa wakingoja mali mbili. Ya kwanza ni shamba la ekari 62 katika kisiwa cha Manhattan, ambalo sasa limefunikwa na mitaa na maghorofa ya New York. Ya pili ni hazina ya kifalme iliyosemekana kufungiwa katika benki moja huko Uholanzi. Hawakupata hata senti. Lakini namna walivyokosa ndiyo inayofaa kusimuliwa, maana ndani yake mna kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya anapotafuta asili ya ukoo wake.

Hadithi waliyokuwa wakipokezana ilikuwa tamu. Mfalme William wa Uholanzi, ilisema, alikuwa na mtoto aliyeitwa Wolfert Webber. Webber akamzaa Anneke. Anneke alipokua akampenda kijana mkulima asiye na cheo, akaolewa naye bila ridhaa ya jumba la kifalme. Babu akaghadhibika, akaifungia mali ya mjukuu wake na kuagiza isiguswe mpaka kizazi cha saba. Wanandoa wakapanda meli kwenda Amerika, na binti wa kifalme akaishia kukamua ng'ombe. Wapo waliosimulia kwamba alikuwa mjukuu wa mfalme, wapo waliosema alikuwa mtoto wake kabisa. Kilichokuwa hakibadiliki ni kile kizazi cha saba, ambacho kwa bahati ya ajabu ndicho hicho hicho kilichokuwa kimekaa sebuleni kikimsikiliza wakala wa chama cha warithi.

Mtu yeyote aliyefungua kitabu cha historia angeuona ufa mapema. Uholanzi ya wakati wa Anneke haikuwa na mfalme. Ilikuwa jamhuri ya majimbo saba yaliyokuwa vitani na Hispania. Mfalme wa kwanza kukaa kwenye kiti cha Uholanzi ni Louis Bonaparte, mdogo wake Napoleon, aliyewekwa mwaka 1806, miaka 143 baada ya bibi huyu kuzikwa. William wa Orange, ambaye hadithi ilimvika taji, alikuwa mtawala na kiongozi wa uasi, akauawa kwa bastola mjini Delft mwaka 1584. Watoto wake wanajulikana mmoja mmoja, hadi yule wa nje ya ndoa, wala hakuna Webber kati yao. Wolfert Webber alikuwepo kweli, lakini alikuwa mwenye kilabu cha pombe katika New Netherland, koloni la Wadachi huko Amerika, si mwana wa mfalme.

Jina lenyewe la Anneke lilitosha kumaliza ubishi. Wadachi wa kawaida wa karne ya 17 wengi hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alibeba jina la baba, sawasawa na watu wa pwani yetu wanavyosema Asha binti Juma. Jans ni binti Jan. Angekuwa wa Wolfert, angeitwa Wolferts. Ndivyo ilivyo, na warithi waliokuwa tayari kutumia pesa ya mbegu kwa ajili ya kesi hawakujiuliza swali hilo dogo.

Basi alikuwa nani? Kitabu cha matangazo ya ndoa cha Amsterdam cha mwaka 1623 kinamwonyesha msichana wa miaka 18 anayeolewa na baharia. Msichana anatoka Flekkerøy, kisiwa kidogo cha kusini mwa Norwei, karibu na mahali ulipo mji wa Kristiansand. Bwana harusi, Roelof Jansz, anatoka Marstrand, bandari ya wavuvi ambayo wakati ule ilikuwa ya Norwei na leo iko Sweden. Hata Udachi wenyewe, basi, hawakuwa nao kwa kuzaliwa. Amsterdam ya wakati huo ilijaa vijana wa Skandinavia waliokuja kutafuta maisha, wanaume wakiingia melini na wanawake wakifanya kazi za ndani. Mama yake Anneke, Trijn Jonas, alikuwa mkunga, na baadaye akawa mkunga wa Kampuni ya West India kule New Amsterdam, mji wa koloni uliokuwa Manhattan. Ukoo wa mkunga na mabaharia, huo ndio ukoo.

Mwaka 1630 Roelof na Anneke walivuka Atlantiki katika meli ya Eendracht. Walikwenda kulima katika miliki ya Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa almasi wa Amsterdam aliyejipatia eneo kubwa kando ya mto Hudson bila yeye mwenyewe kukanyaga huko. Baharia hakuwa mkulima hodari. Baada ya miaka michache familia ikahamia Manhattan, na mwaka 1636 Roelof akapewa lile shamba la ekari 62 kando ya mto. Hakulifaidi. Alifariki muda mfupi baadaye, akamwachia mkewe watoto wadogo na ardhi iliyokuwa nusu pori. Kijito kimoja cha kaskazini bado kinaitwa Roeliff Jansen Kill, na hiyo ndiyo kumbukumbu yake pekee kwenye ramani.

Mwaka 1638 mjane akaolewa na mchungaji wa koloni, Everardus Bogardus. Huyu naye wazao walimtafutia asili ya kikabaila. Mwanahistoria Willem Frijhoff, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimkuta ni Evert Willemsz, yatima wa mji wa Woerden, mtoto wa kituo cha yatima aliyesomeshwa kwa hisani ya mji. Kabla ya kufika Amerika alikuwa amehudumia wagonjwa wa Kampuni ya West India katika pwani ya Guinea, Ghana ya leo. Mimi naona maisha ya yatima huyu yanavutia kuliko ngao yoyote ya ukabaila, lakini ngao ndiyo iliyokuwa ikiuzika.

Kuna shauri moja la mwaka huo huo wa 1638 linalomleta Anneke karibu kuliko hadithi yote ya kifalme. Mwanamke aitwaye Grietje Reyniers alimsema vibaya mjini: kwamba mke wa mchungaji, alipopita mbele ya karakana ya mhunzi, alipandisha gauni na kuonyesha vifundo vya miguu. Mchungaji akaenda mahakamani. Mashahidi wakaitwa, wakaeleza kwamba njia ilikuwa na matope na mama yule alishika pindo la gauni lake kidogo lisichafuke. Yaliandikwa yote hayo, matope na gauni na karakana, kwenye daftari la katibu wa koloni. Mume wa huyo Grietje alikuwa Anthony Jansen van Salee, mtoto wa haramia Mdachi aliyesilimu na kujulikana kama Murat Reis huko Salé, Moroko. Koloni lile lilikuwa na watu wa kila namna, na madaftari yao yana mambo ambayo mtunzi wa hadithi za kifalme asingeweza kuyabuni.

Bogardus alikufa maji mwaka 1647, meli ya Prinses Amelia ilipovunjika karibu na Swansea, Wales, pamoja na gavana Willem Kieft aliyekuwa hasimu wake mkubwa. Anneke akahamia Beverwijck, mji unaoitwa Albany leo, akaishi huko hadi mwisho. Wosia wake ni wa tarehe 29 Januari 1663. Mtu anayetafuta hazina ya Uholanzi inafaa ausome polepole. Watoto wanne wa mume wa kwanza watangulie kuchukua gilda 1,000 kutoka mauzo ya shamba la Manhattan. Wajukuu kadhaa wapate vikombe vya fedha. Kinachobaki watoto wote wagawane sawa. Hakuna benki, hakuna babu mfalme, hakuna kizazi cha saba. Na mwisho wa karatasi, mahali pa sahihi, mama yule aliweka alama ya mkono wake, kama walivyofanya watu wengi wasiojua kuandika.

Mjukuu wa kifalme angeshindwa kuandika jina lake? Swali hilo lilikuwa limelala katika ofisi ya serikali mjini Albany miaka yote ambayo vyama vya warithi vilikuwa vikikusanya ada.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo uongo ulikuwa na punje ya kweli, na punje hiyo ndiyo iliyoufanya uwe wa hatari. Waingereza waliitwaa New Netherland mwaka 1664. Mwaka 1667 gavana wao aliithibitisha hati ya shamba kwa warithi wa Anneke. Mwaka 1671 warithi wakaliuza kwa gavana aliyefuata, Francis Lovelace. Lakini mtoto mmoja, Cornelis Bogardus, alikuwa amefariki, na mjane wake na mwanawe hawakutia mkono kwenye hati ya mauzo. Lovelace naye alifilisika, mali yake ikachukuliwa na bwana wake, Duke wa York, shamba likawa la Taji, na mwaka 1705 Malkia Anne akaligawia Kanisa la Trinity pamoja na eneo jirani, jumla ekari 215. Kanisa hilo la Kianglikana likawa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi mjini New York, na bado lina mali ya mabilioni ya dola.

Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba mrithi mmoja hakuweka sahihi. Fungu lake lingekuwa sehemu moja tu kati ya mafungu ya watoto wote, lakini ukiangalia thamani ya Manhattan, hata fungu hilo lilimtoa mtu udenda. Kuanzia katikati ya karne ya 18 wazao wakaanza kuingia kwenye eneo kwa nguvu, kujenga nyua, kufukuzwa na kurudi mahakamani. Kesi kubwa iliamuliwa mwaka 1847 na jaji Lewis Sandford. Kanisa likashinda. Hoja ya msingi haikuwa ngumu: mtu akikaa kwenye ardhi kwa uwazi, bila kuingiliwa, zaidi ya muda uliowekwa na sheria, madai ya mwingine hufa hata kama mwanzoni yalikuwa ya haki. Msomaji wa Tanzania au Kenya ataielewa bila kuelezwa sana, kwani kwetu dai la ardhi lazima lifunguliwe ndani ya miaka 12. Kanisa lilikuwa limekaa karibu miaka 140.

Baada ya hukumu ile mtu mwenye akili timamu angefunga faili. Hapo ndipo biashara ilipochangamka. Mahakama ilipokataa shamba, hadithi ya benki ya Uholanzi ikapewa uzito zaidi, na Anneke akazidi kupanda cheo. Kadiri haki ya ardhi ilivyopungua ndivyo damu yake ilivyozidi kuwa ya kifalme. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba nasaba haikutangulia na pesa kufuata. Pesa ndiyo iliyotangulia, kisha nasaba ikatengenezwa ili iweze kuibeba.

Utaratibu wa vyama ulikuwa mwepesi. Mtu alitakiwa kwanza athibitishe kuwa ni mzao, na kazi hiyo ilikuwa na malipo yake. Kisha ada ya uanachama, kisha mchango wa wakili, kisha nauli ya mjumbe wa kwenda Amsterdam. Majibu yalikuwa daima yako njiani. Aliyewahi kupokea ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii» anaijua sura ya mambo haya, ila huu ulikuja kwa bahasha na muhuri. Aliyekwisha kutoa mara tatu alikuwa mgumu kuacha, maana kuacha ni kukiri kwamba zile tatu zimepotea. Baba alikufa akamwachia mwanawe risiti, na mwana akaendeleza mchango kwa heshima ya baba.

Huko Uholanzi hapakuwa na kitu cha kungoja. Sheria ya mwaka 1852 ilifunga hesabu za mabaraza ya zamani ya yatima yaliyokuwa yakitunza mirathi isiyogawanywa, na ambayo haikudaiwa kwa muda uliowekwa ikaangukia serikali. Hata kama Anneke angekuwa ameachiwa sanduku la dhahabu, muda wa kulidai ulikwisha.

Hesabu nayo ilikuwa mkononi mwa kila mtu. Ekari 62 ni kama mita za mraba 251,000. Wazao wa mwanamke aliyeacha watoto wanane miaka mia tatu na sitini iliyopita hawahesabiki, lakini tuwakadirie kwa upole, tuseme nusu milioni. Kila mmoja angepata nusu mita ya mraba. Hapo ni kama wangeshinda kesi yote, tena bila mawakili kulipwa.

Ujanja wa aina hii haukuwa wa ukoo mmoja. Miaka ya 1920 na 1930 Oscar Hartzell wa Iowa aliwakamua Wamarekani kwa madai ya urithi wa baharia Mwingereza Francis Drake, hadi Uingereza ikamrudisha kwao na mahakama ya Marekani ikamtia hatiani mwaka 1933. Mbaya zaidi kwa upande wa nasaba alikuwa Gustave Anjou, Msweden aliyefungwa kwao kwa kughushi kabla ya kuhamia New York. Aliwaandikia matajiri vitabu vya ukoo kwa malipo ya maelfu ya dola, na kila mteja alitokea kuwa na mizizi mikubwa Ulaya. Mbinu yake inastahili kujulikana, kwa sababu bado inatumika: alichukua vizazi vya karibu vilivyo sahihi, vyenye tarehe na parokia za kweli, akavifuatisha na kiungo kimoja cha kubuni, kisha akaingia tena kwenye koo halisi za makabaila. Msomaji anayekagua mwanzo anakuta kweli, anayekagua mwisho anakuta kweli, na kiungo cha katikati hakikaguliwi na mtu. Anjou alikufa mwaka 1942, na vitabu vyake vingali vinanakiliwa.

Hadithi ya Anneke nayo ilivunjwa na watu wavumilivu waliokubali kuanza kwenye karatasi. John Reynolds Totten aliichambua miaka ya 1920 katika jarida la chama cha nasaba cha New York, na George Olin Zabriskie akarudi kwenye jarida hilo hilo mwaka 1973 kupambanua ukweli na uzushi. Hawakuanzia kwa mfalme wakashuka. Walianza na wosia wa Albany, wakarudi nyuma kwenye hati ya shamba, wakarudi kwenye daftari za miliki ya Van Rensselaer, hadi wakafika kwenye ndoa ya Amsterdam na kisiwa cha Norwei. Kila hatua iliegemea waraka ulioandikwa na mtu asiyekuwa na faida yoyote kwa Anneke kuwa malkia au mpishi. Karani wa Amsterdam aliyeandika Flekkerøy mwaka 1623 hakuwa akidai shamba la mtu.

Wakati wa kusikiliza masimulizi ya ukoo, basi, yafaa kuuliza nani aliyaandika, lini, na alitegemea kupata nini. Simulizi iliyoibuka karne mbili baada ya mhusika kufa, ikiwa imekuja pamoja na fomu ya ada, haina uzito sawa na shahidi aliyesema tu kwamba njia ilikuwa na matope. Na babu akipanda cheo kila anaposimuliwa, kuna mtu anampandisha.

Jambo linalonisikitisha zaidi si pesa zilizopotea. Ni kwamba walikuwa na bibi wa kweli na hawakumtaka. Msichana wa kisiwani aliyevuka bahari mbili, akafiwa na waume wawili, akaliendesha shamba, akaona jina lake likitetewa mahakamani. Mwanawe wa kwanza, Sara, alijifunza lugha za wenyeji hata gavana Pieter Stuyvesant akamtumia kuwa mkalimani wa mkataba wa amani wa mwaka 1664. Ukoo wenye watu hao ukaona heri kujipachika kwa mfalme ambaye hakuwahi kuwepo.

Vitabu vya matangazo ya ndoa vya Amsterdam sasa vinaonekana mtandaoni bila malipo. Mtu aliyeko Dodoma au Lamu anaweza kuvifungua kwa simu yake usiku huu. Akikufikia mtu anayetaka ada ya kukusajili katika mirathi ya babu usiyemjua, mwombe akuonyeshe wosia kwanza. Akisema uko njiani, usimpe kitu.